Busia ya kuvuka, Malaba ya kungoja

MWAKA 1986 nilikuwa mwalimu kijana wa Kiswahili katika shule moja ya upili iliyoko kati ya Busia na Malaba. Mfumo wa 8-4-4 ulikuwa umeanza mwaka mmoja tu nyuma na kukifanya Kiswahili kuwa somo la lazima, nasi tuliotoka chuoni tukijiona askari wa lugha. Siku moja niliwapa wanafunzi wa kidato cha pili insha kuhusu kazi ya mzazi. Mvulana mmoja akaandika: "Baba yangu anafanya boda." Nikalikata neno 'boda' kwa kalamu nyekundu, nikaandika 'mpaka' juu yake, kisha pembeni nikauliza kwa ukali: "Mtu hufanyaje mpaka?" Nikampa alama tisa kwa ishirini.

Niliporudisha madaftari, kijana yule alinifuata hadi nje ya darasa. Alikuwa mpole, wala hakuja kubishana. Aliniambia tu, "Mwalimu, mpaka uko kwa ramani. Boda ni kazi."

Nilimjibu kwamba aseme 'umo katika ramani', kisha nikamrudisha darasani. Basi, nikadhani nimefundisha.

Babake alikuwa akiwabeba watu kwa baiskeli kutoka kizuizi cha Kenya hadi kizuizi cha Uganda. Neno nililolikata siku ile leo linatamkwa kutoka Mombasa hadi Kigali, linaandikwa magazetini na limo katika kamusi. Kijana alikuwa sahihi kabisa. Maneno yale mawili hayakuwa visawe: moja lilitaja mstari uliochorwa na serikali, lingine likataja maisha ambayo watu walijitengenezea juu ya mstari huo.

Ndiyo maana leo, msomaji wangu, nakuomba tufuatane hadi Kaunti ya Busia tuitazame miji miwili: Busia yenyewe na Malaba. Iko katika kaunti moja, yote miwili inapakana na Uganda, na kati yake kuna mwendo wa kilomita zipatazo 30. Mgeni akiitazama kwa haraka huona kitu kimoja: malori, vumbi, wabadilishaji pesa na ndizi. Lakini historia iliilea kwa njia mbili tofauti. Busia ni mji wa watu wanaovuka. Malaba ni mji wa watu wanaongoja. Tofauti hiyo imeandikwa katika mashamba yao na katika Kiswahili chao, na wala haijaisha. Bado inaamua nani apite mpakani kwa heshima na nani apite kichakani.

Kutoka Bu- hadi A-

Ukitaka kuiona tofauti hiyo bila kufungua kitabu cha historia, panda matatu Busia uelekee kaskazini, na usome mabango ya barabarani. Kusini na mashariki ya Busia umeacha majina kama Bumala, Butula, Bunyala na Bukhayo. Mbele yako yanakuja Alupe na Adungosi, na ukizunguka huko ndani utakutana na Amukura, Amagoro na Angurai. Umevuka mpaka ambao hauna askari: umetoka katika lugha za Kibantu ukaingia katika lugha ya Kiniloti.

Kiambishi bu- katika lugha za Waluhya hutaja nchi au makao ya watu. Bukhayo ni nchi ya Wakhayo, Bunyala ni nchi ya Wanyala. Mswahili anakijua kiambishi hicho kwa sura yake nyingine, u-, kama ilivyo katika Unyamwezi au Uingereza. Tena jirani yetu wa magharibi anaitwa kwa sura hiyo ya Kiswahili: wenyewe husema Buganda, midomo ya watu wa pwani ikaondoa b, ikabaki Uganda, na jina la ufalme mmoja likawa jina la nchi nzima. Mtu anayesema Kiswahili hakikuwahi kuingia Uganda na alitazame hilo.

Upande wa Teso hesabu ni nyingine. Kiteso hakina ngeli kama zetu. Kina viambishi vinavyotofautisha jinsia. Mwanamume wa kabila hilo ni Etesot, mwanamke ni Atesot, na wakiwa wengi ni Iteso. Salamu nayo hubadilika njiani. Busia utaamkuliwa "mulembe", na Malaba utaambiwa "yoga". Mkhayo akisema omundu na abandu, mtoto wa Lamu atakisia mara moja kwamba ni mtu na watu. Mteso akisema itunganan na itunga, yaani hayo hayo, Mlamu atabaki ametoa macho.

Maana yake ni kwamba Kiswahili kiliingia katika sehemu hizi mbili kikiwa katika hali tofauti. Kwa Wakhayo, Wasamia na Wamarachi kilikuja kama binamu ambaye hajaonekana siku nyingi. Kwa Iteso kilikuja kama mgeni kabisa.

Nchi zenyewe hazifanani vilevile. Kutoka Busia kwenda kusini ardhi inateremka polepole kuelekea Ziwa Victoria. Ni nchi ya muhogo, mahindi, pamba na samaki. Upande wa Malaba ardhi inapanda kidogo, miamba mikubwa ya matale inachomoza kati ya mashamba ya wimbi na mtama, na nyasi zinapata nafasi. Iteso waliofika huku kutoka kaskazini katika karne ya 19 walikuja na ng'ombe wao. Ukisimama Malaba siku isiyo na ukungu, ule Mwamba wa Tororo ulioko Uganda unakutazama kana kwamba uko shambani kwako.

Kiswahili kilichokuja kwa miguu

Kabla ya kuwapo mpaka, kulikuwa na njia. Misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilifika kwa watawala wa Wanga katika nusu ya pili ya karne ya 19. Makao yale waliyaita Kwa Shiundu, kwa jina la mtawala, babake Nabongo Mumia. Mwana alipomrithi baba, jina la mahali likamfuata, kisha Waingereza wakalipachika ile s yao ya umiliki, tukapata Mumias. Kutoka hapo misafara ilielekea magharibi, Busoga na Buganda, ikipita katika nchi za Wamarachi, Wakhayo na Wasamia. Msafiri Joseph Thomson alipoufikia ufuo wa ziwa upande wa Samia mwezi Desemba 1883, mizigo yake ilikuwa mabegani mwa wapagazi kutoka pwani.

Wenyeji hawakuwa wakisubiri wageni ndipo wajue biashara. Wasamia walikuwa wafua chuma mashuhuri, na majembe yao yalisafiri mbali, yakiuzwa na hata kutolewa mahari. Njia za majembe hayo zilikuwa zimekwisha kukanyagwa na miguu ya watu waliojua nani anahitaji nini ng'ambo ya Mto Sio. Msafara ulipofika ulikuta soko tayari, ukaliongezea lugha.

Pamoja na lugha hiyo yalikuja maneno ambayo bado yanatutumikia, mengine vibaya. Chukua 'hongo'. Katika misafara ya karne ya 19, hongo ilikuwa ushuru wa njia: vitambaa, shanga au nyaya ambazo msafara ulimpa mwenye nchi ili upite salama. Ilijulikana, ilijadiliwa hadharani, na aliyeipokea alibeba dhamana ya kuwalinda wapitao. Serikali za kikoloni zilipotwaa haki ya kutoza ushuru, jina la ushuru wa zamani likashuka hadhi, likawa jina la kile kinachopokewa chini ya meza. Nani asiyejua hapa kwamba neno lile lingali hai mpakani? Lililokufa ni ile dhamana tu.

Kisha ukaja mstari. Wengi wetu tunasahau kwamba Himaya ya Uganda, iliyotangazwa mwaka 1894, ilienea mashariki hadi Naivasha. Reli iliyotoka Mombasa ilifika Kisumu mwezi Desemba 1901, na ilistahili kuitwa Reli ya Uganda, maana Kisumu wakati huo ilikuwa Uganda. Miezi michache baadaye, Aprili 1902, Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo ndiyo Kenya ya leo. Reli iliifuata Uganda, na Uganda ikasogezwa. Mtoto aliyezaliwa Bukhayo mwaka 1900 alizaliwa Uganda, akaanza kutembea Uganda, na kabla hajaota meno yote akawa mtu wa nchi nyingine bila kuondoka mgongoni mwa mamake.

Mstari ule uliwakata Wasamia vipande viwili, ukawakata na Iteso. Watu walijikuta na shangazi ng'ambo, makaburi ng'ambo, na shamba la urithi ng'ambo. Mtu wa namna hiyo hawezi kuishi bila kuvuka. Ndiyo sababu nasema Busia ni mji wa kuvuka: haikusimamishwa na kiwanda wala stesheni, ilisimamishwa na miguu. Mwanamke anabeba omena kutoka ziwani, anavuka, na samaki yule yule anageuka mukene kichwani mwake. Angeendelea mpaka Mwanza angemuuza kwa jina la dagaa. Anarudi na maharagwe, njugu, au mkungu wa ndizi. Jioni amelala kwake.

Kiswahili kilichokuja kwa reli

Malaba ina hadithi nyingine. Reli mpya iliyochepuka kutoka Nakuru ilifika Eldoret mwaka 1924, ikakata Bungoma, ikavuka mto Malaba kuelekea Tororo na Jinja, na mwaka 1931 ikafika Kampala. Mji ulioshiriki jina na mto ule ukapata stesheni. Pale ambapo Busia ilikuwa na njia nyingi ndogo, Malaba ilipata njia moja ya chuma.

Reli ina tabia yake. Haikuruhusu kupita mahali utakapo wala saa utakayo. Unangoja. Unangoja treni, unangoja behewa lako lipangwe, unangoja karatasi. Na Kiswahili kilichoteremka stesheni kilikuwa Kiswahili cha kungoja na kupanga. Lile neno 'behewa' kwa watu wa pwani lilitaja ua wa ndani ya nyumba ya mawe, mahali pa faragha penye hewa. Reli ikalichukua, ikalitia magurudumu. 'Kuli' alikuja na maneno ya Kihindi ya wajenzi wa reli. 'Foleni' inaaminika kuwa ilitokana na amri ya Kiingereza ya kuwapanga askari. Mkulima wa Kiteso, ambaye lugha yake haina undugu na haya yote, aliyapokea yote kwa mkupuo kama mtu anavyopokea vyombo vya mgeni, akavitumia bila kuuliza viliundwa wapi.

Kwa muda mrefu stesheni ile haikuwa mpaka wa maana kubwa. Reli ilikuwa moja, ya Afrika Mashariki, na treni ilipita kama mtu apitaye chumba hadi chumba. Mambo yalianza kubadilika mwaka 1972. Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke Uganda, wengi walipita kwa treni kutoka Kampala hadi Mombasa kutafuta meli, nayo njia yao ilikuwa Tororo na Malaba. Mwezi Februari 1976 Amin akadai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni ya Uganda, akitumia hoja ya mipaka ile ya kabla ya 1902. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na shirika la reli likagawanywa. Hapo ndipo Malaba ilipokuwa mwisho wa reli moja na mwanzo wa nyingine, na kungoja kukawa kazi rasmi ya mji.

Malori yalipoichukua nafasi ya mabehewa, hali ikawa ile ile juu ya lami. Barabara kuu kutoka Mombasa kupitia Nairobi na Eldoret inaishia hapo. Madereva hulala siku kadhaa, na pamoja nao tanboi, wale wasaidizi ambao Watanzania huwaita utingo. Wakulima wa jirani waligundua kwamba hawahitaji kupeleka mazao sokoni, kwa kuwa soko limeegeshwa barabarani. Muhogo wa kuchemsha, kuku, mayai, maji ya kuoga, vyote vina mnunuzi ambaye hana pa kwenda. Mwaka 2020, wakati wa korona, madereva walipotakiwa kupimwa kabla ya kuvuka, mstari wa malori ulirefuka ukavuka vijiji na vijiji, na neno 'kungoja' likapata sumu, kwa sababu watu waliwaogopa wale wale waliokuwa wakiwalisha.

Wakati wa mafuta mingi

Miaka ya Amin ilileta pia msamiati ambao mwalimu wa sarufi hawezi kuusamehe, na mwanahistoria hawezi kuutupa. Upande wa Uganda, watu waliopewa maduka ya Waasia na kutajirika ghafla waliitwa 'mafuta mingi'. Najua, ni 'mafuta mengi'. Lakini jaribu kulisahihisha uone: ukisema 'mafuta mengi' unaongelea chupa ya mafuta, ukisema 'mafuta mingi' unamwona mtu, tumbo lake, gari lake na hofu anayowatia majirani. Kosa la upatanisho limehifadhi enzi nzima.

Pamoja nao likatanda 'magendo'. Neno hilo la Kiswahili kwa Waganda wa wakati ule lilikuja kutaja uchumi mzima uliobaki baada ya ule rasmi kuporomoka. Baridi kali iliyoharibu kahawa ya Brazil mwezi Julai 1975 ilipandisha bei duniani, na kahawa ya Uganda ikaanza kutiririka kuja Kenya kwa njia za usiku. Soko la Chepkube, kaskazini mwa Malaba, likawa jina la hadithi. Watu waliingia na ng'ombe mmoja wakatoka na nyumba ya bati. Wengine hawakutoka.

Wakati huo huo, mwaka 1973, Amin aliitangaza lugha yetu kuwa lugha ya taifa la Uganda. Hapa kuna jambo tunalopaswa kulisema wazi, sisi wapenzi wa Kiswahili tunaozoea kuhesabu matamko kama mabao. Ng'ambo ya mto, Kiswahili kilisikika mara nyingi kutoka kinywani mwa mwenye bunduki. Ilikuwa lugha ya "simama!" na "leta!". Upande huu wa mto, mia chache za mita kutoka hapo, lugha ile ile ilikuwa ya "karibu mama" na "nipunguzie". Aliyevuka kila siku alijifunza kuzijua sauti hizo mbili kama mchungaji ajuavyo mvua kwa harufu. Waganda wengi walipokichukia Kiswahili walikuwa na sababu, na sababu hiyo hatutaifuta kwa kuwaimbia sifa za lugha.

Neno lililozaliwa njiani

Sasa turudi kwa baba wa mwanafunzi wangu. Pale Busia, kati ya lango la Kenya na lango la Uganda, palikuwa na mwendo wa zaidi ya nusu maili ambao magari ya abiria hayakuruhusiwa kuupita bila makaratasi mengi. Mtu mwenye mzigo aliteremka upande mmoja, akatazama upande wa pili, akapumua. Katika miaka ya 1960 na 1970 vijana wenye baiskeli waliliona pumzi hilo. Wakatia mto wa kukalia nyuma ya baiskeli, wakawa wanaita abiria: "Boda! Boda!" yaani kutoka mpaka hadi mpaka. Kutoka Busia mtindo ule ulihamia Malaba, kisha ukatapakaa. Kuanzia mwaka 2008, kodi ya pikipiki ndogo ilipoondolewa nchini Kenya, baiskeli ikampisha pikipiki, lakini jina likabaki.

Asili ya neno ni ya Kiingereza, sawa. Lakini tazama vijana wale walilifanyia nini. Kwanza walililainisha likaishia kwa irabu, kama Kiswahili kipendavyo. Pili walilikariri, nasi tunajua kazi ya ukariri katika lugha yetu: polepole, hukuhuku, mojamoja. Unaonyesha kitendo kinachorudiwa. 'Boda' mara moja ni mahali; 'bodaboda' ni kwenda na kurudi bila kuchoka. Tatu wakaliingiza katika upatanisho wa kisarufi bila kumwuliza profesa yeyote. Mtu akikuambia "boda imefika", pikipiki iko mlangoni. Akikuambia "boda amefika", ni mwenye pikipiki. Nafsi moja ya kitenzi imetenganisha chombo na binadamu.

Hiyo ndiyo sarufi niliyoikata kwa kalamu nyekundu. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wangu kwamba Kiswahili bora kiko mbali nao, Unguja au Lamu, nao wakafanye bidii kukifuata. Kumbe nyuma ya shule yetu baba zao walikuwa wakikiongezea neno ambalo Unguja yenyewe ingelitumia. Mwalimu anaweza kuwa na cheti na bado akose masikio.

Karatasi ya mama wa njugu

Mwezi Februari 2018 Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia. Malaba nayo ina chake. Zamani ulipigwa muhuri upande huu, ukatembea, ukapigwa tena upande ule; sasa maafisa wa nchi zote mbili wanakaa pamoja na shughuli inamalizikia upande unaoingia. Ni jambo jema. Malori yanapita kwa haraka kuliko zamani, na ule mji wa kungoja unatafakari utaishi vipi ikiwa kungoja kutapungua.

Wavukaji wa miguu nao waliwekewa utaratibu. Mfanyabiashara mdogo aliye na bidhaa zilizozalishwa Afrika Mashariki, zilizomo katika orodha iliyokubaliwa na thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, anaweza kupewa cheti rahisi cha asili ya bidhaa hapo hapo mpakani asilipe ushuru wa forodha. Ukisoma hivyo utasema mambo yameisha, njia za panya zitaota nyasi.

Hazikuota. Miaka michache iliyopita nilisimama Busia nikizungumza na mama mmoja anayeuza njugu karanga. Gunia lake halikufikia hata dola 100. Nikamwuliza kama anakijua cheti kile. Akacheka.

"Nasikia kiko," akasema. "Lakini ile karatasi ni ya Kizungu, Mzee. Nikienda na mtu wa kunijazia, ananitoza. Nikipita huko chini, naye wa huko ananitoza. Sasa si bora huko chini, hakuna kuandika?"

Mama yule ananunua, anauza, anabishana bei, anakopesha na kudai katika lugha tatu na sarafu mbili. Kiswahili chake kinakwenda mbio kuliko changu. Kitu kimoja tu kinamtenga na haki yake: haki hiyo imeandikwa katika lugha ya nne. Mkataba wa Jumuiya uliotiwa saini mwaka 1999 unasema katika kifungu cha 137 kwamba lugha rasmi ni Kiingereza, na Kiswahili kikuzwe kiwe lugha ya mawasiliano mapana. Mwaka 2021 wakuu wa nchi wakakubali Kiswahili kiwe lugha rasmi pamoja na Kifaransa. Katiba yetu ya 2010 imekifanya rasmi katika kifungu cha 7. Mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda likakubali kifundishwe kwa lazima. Kila tarehe 7 Julai tunakiadhimisha duniani kote kwa fulana na ngoma. Maazimio tunayo ya kujaza behewa zima. Karatasi moja ya kujazwa na muuza njugu ndiyo haijafika.

Nisieleweke kwamba tafsiri ya fomu itamaliza magendo. Kuna wanaopita kichakani kwa sababu wanachobeba hakiwezi kupita kwingine. Lakini kuna wengine, tena wengi wao wanawake wanaobeba mazao ya mashamba yao, wanaojificha wakiwa hawana kosa lolote. Hao wamefanywa wahalifu na lugha. Wanapotozwa hongo, wanatozwa kwa kutojua kusoma ruhusa yao wenyewe.

Kwa hivyo nina maombi mawili. La kwanza ni kwa wenye fomu na mabango ya mipakani, Busia na Malaba: viandikwe kwa Kiswahili, na kabla ya kuchapishwa wasomewe wanaovuka na wanaongoja. Wakisema neno fulani hawalielewi, libadilishwe neno, wasibadilishwe wao. La pili ni kwa sisi wa vyuo vikuu. Pale Alupe, kilomita chache tu kutoka mjini Busia, kuna chuo kikuu kilichopata hati yake mwaka 2022. Wanafunzi wake wanapanda boda kila siku. Wapewe kinasa sauti, waende kwa wazee waliokuwa wakiendesha baiskeli za kwanza, na wale waliofanya kazi stesheni ya Malaba wakati reli ilipogawanywa. Wazee hao hawako wengi tena. Kila mmoja akizikwa tunapoteza maneno ambayo hayamo katika kamusi yoyote, na historia ambayo haimo katika faili lolote la serikali.

Yule mwanafunzi wangu sijui aliishia wapi. Siku hizi ni mzee mwenye wajukuu, akijaliwa. Nikimpata nitaliomba daftari lake. Nitaifuta ile mistari miwili, na pembeni, pale nilipouliza mtu hufanyaje mpaka, nitaandika jibu alilonipa mwenyewe.